Neno "Kinga" Limezidiwa na Mzigo: Uhakiki wa Istilahi za Seli T na Ugonjwa wa Makovu ya Ubongo

1. Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi imekuwa ikienda kwa kufuata fani moja moja. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyotolewa na Baraza kuanzia miaka ya 1970, na baadaye Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, vimetupatia akiba kubwa ya maneno. Hata hivyo, akiba si sawa na matumizi. Neno laweza kuwa sahihi likiwa peke yake katika orodha, kisha likapotosha mara tu linapotiwa katika sentensi ambayo daktari anamwambia mgonjwa.

Makala haya yanakusudia kuhakiki ukoo mmoja wa istilahi za tiba, yaani ule uliojengwa juu ya neno kinga. Ugonjwa tutakaoutumia kuzipima istilahi hizo ni ule unaojulikana kitaalamu kwa jina la sklerosisi, ambao huharibu ubongo na uti wa mgongo, na ambao chanzo chake kikubwa ni chembe za kinga ziitwazo seli T. Tumeuchagua kwa sababu unayatia majaribuni maneno yetu yote ya kinga kwa wakati mmoja.

Vipimo tutakavyovitumia ni viwili. Kwanza, je, istilahi inasema kweli ya kisayansi? Pili, je, kweli hiyo ndiyo inayosikika katika masikio ya mwananchi wa kawaida, mathalani mkulima wa kata ya Mbwawa, katika Mji wa Kibaha mkoani Pwani? Mbwawa hatukuiteua kwa bahati nasibu. Kiswahili huko ni lugha ya nyumbani, kikikaa pamoja na Kizaramo na Kikwere. Na Kibaha ni mwendo wa kilomita zipatazo 40 tu kutoka Dar es Salaam, ambako istilahi nyingi hutungwa. Istilahi isiyofika Mbwawa haiwezi kudai kuwa imefika Kigoma.

2. Ugonjwa wenyewe na kazi ya seli T

Kabla ya kuhakiki maneno, hatuna budi kukieleza kitu chenyewe. Neva huvikwa ala ya mafuta na protini iitwayo mayelini, mfano wa waya wa umeme uliovikwa mpira. Ala hiyo ikiharibika, habari zinazopita katika neva huchelewa au hukatika. Mgonjwa huweza kupata ganzi, kuona kiwi kwa jicho moja, kuishiwa nguvu za miguu, kushindwa kuzuia mkojo, au kuchoka kupita kiasi. Aghalabu dalili huja, hupungua, kisha hurudi. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mwaka 1868, baada ya kulinganisha dalili za wagonjwa wake wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris na sehemu ngumu alizoziona katika ubongo na uti wa mgongo wa waliofariki.

Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2020, watu wapatao milioni 2.8 ulimwenguni wana ugonjwa huu, na wanawake ni takriban mara mbili ya wanaume. Katika Afrika ya Mashariki wanaojulikana kuwa nao ni wachache. Ugonjwa wenyewe ni haba huku kwetu, na kadhalika ni haba mashine za kupigia picha za ubongo na madaktari bingwa wa neva.

Seli T zinaingiaje? Hizi ni chembe nyeupe za damu zinazozaliwa katika uboho na kukomazwa katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Umuhimu wa tezi hiyo ulidhihirishwa na Jacques Miller mwaka 1961, na herufi T imetokana na jina lake. Humo ndani chembe hupita katika mtihani mkali: zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huuawa. Lakini mtihani hauwi kamili. Baadhi huponyoka na kuingia katika damu.

Kwamba kinga yaweza kuudhuru ubongo lilianza kutambulikana kwa njia ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya Louis Pasteur, iliyotumika kwa mtu mara ya kwanza mwaka 1885, ilitengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura, na baadhi ya watu waliochanjwa kwa chanjo za namna hiyo walipooza. Mwaka 1933 Thomas Rivers na wenzake waliwadunga nyani dondoo za ubongo usio na ugonjwa mara nyingi, na baadhi yao wakapata maradhi yanayofanana na hayo. Kisha, mwaka 1981, Avraham Ben-Nun, Hartmut Wekerle na Irun Cohen walichukua seli T zilizozoeshwa kuitambua protini moja ya mayelini, wakawatia panya wazima, nao panya wakaugua. Msomaji aizingatie tofauti hii, kwa maana tutaihitaji mbele: kilichohamishwa toka panya hadi panya kilikuwa chembe, hakikuwa majimaji ya damu.

Sababu ya seli T kukosea nayo imeanza kufahamika, na hapa Afrika ya Mashariki ina sehemu yake. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 aina ya saratani ya taya iliyowapata watoto wa Uganda. Vipande vya saratani hiyo vilipelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakagundua ndani yake kirusi ambacho sasa huitwa kirusi cha Epstein-Barr. Miaka 58 baadaye, mwaka 2022, uchunguzi wa kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani ulionyesha kwamba hatari ya kupata sklerosisi iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi hicho. Mwaka huo huo wataalamu wengine walionyesha kwamba kipande cha protini ya kirusi hicho kinafanana na kipande cha protini moja ya ubongo. Watoto wengi wa kwetu hukipata kirusi hiki wakiwa wadogo sana, nacho hupita bila kishindo. Wanaochelewa kukipata hadi ujana ndio walio katika hatari zaidi.

Kwa ufupi basi: seli T hufunzwa kumtambua adui kwa kipande kidogo cha protini yake, kipande hicho hufanana na cha mwenyeji, seli huvuka kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, huiona mayelini, na kuidhania adui. Hiyo ndiyo dhana ambayo istilahi zetu zinatakiwa kuibeba.

3. "Kinga": wema usio na kikomo

Kitenzi kukinga maana yake ni kuweka kitu kati ya mtu na lile linalomjia: twakinga mvua, twakinga jua, twakinga rungu. Katika mila za Pwani yapo maneno mengine ya jamii hiyo. Wazee wa Uzaramo na majirani zao wanayajua kago, zindiko na fingo, vitu vinavyowekwa au kufukiwa ili kulinda shamba, nyumba au mtu. Hata neno chanjo, ambalo ni miongoni mwa istilahi za tiba zilizofaulu kuliko zote, limetoka katika kuchanja chale na kupaka dawa. Hivyo mwananchi wa Mbwawa hakuisubiri sayansi ili apate dhana ya kinga. Alikuwa nayo tayari.

Lakini dhana hiyo ina sifa moja: ni njema tu. Hakuna asemaye kwamba amekingwa kupita kiasi. Kinga ikiwa nyingi ni heri, ikipungua ni balaa.

Maana hiyo ilitiliwa mkazo zaidi na historia ya miaka ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ambako watu waliuita ugonjwa huo Juliana. Lilipoundwa jina la Kiswahili, wengine walilifafanua kuwa Ukosefu wa Kinga Mwilini, na wengine Upungufu wa Kinga Mwilini. Ufafanuzi wa pili ndio ulioshinda, na ulistahili kushinda, kwa maana mgonjwa hakosi kinga kabisa bali humpungua siku hata siku. Kama kazi ya istilahi, UKIMWI ni mfano bora: ni fupi, inatamkika, na inaeleza. Lakini kila ushindi una gharama zake. Tangu wakati huo, kinga ya mwili ikitajwa zahanati, msikilizaji hufikiri jambo moja tu.

Hali kadhalika na CD4. Kwa miaka mingi, kabla ya kipimo cha wingi wa virusi kuchukua nafasi ya kwanza, wagonjwa walihesabiwa chembe hizi, na watu wasiojua kusoma Kiingereza walisema kwa ufasaha kwamba CD4 zao zimepanda au zimeshuka. Walijua kwamba kushuka chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu ni hatari kubwa. Wachache waliambiwa kwamba CD4 ndizo hizo hizo seli T, za aina ile inayosaidia na kuamrisha nyingine. Elimu ilifika, lakini ilifika na fundisho moja: zikiwa nyingi, afya.

Sasa tumchukulie mama wa Mbwawa, wa kufikirika, mwenye umri wa miaka 30, anayepata ganzi na kuona kiwi. Hupanda ngazi ya rufaa toka zahanati hadi Hospitali ya Tumbi, na toka Tumbi hadi Muhimbili. Huko juu anaambiwa kwamba ana "tatizo la kinga ya mwili". Anarudi kijijini na maneno hayo matatu. Mambo mawili yaweza kumpata, na yote mawili yametokana na lugha. La kwanza ni kwamba mumewe na majirani watasikia UKIMWI. La pili ni kwamba yeye mwenyewe, kwa nia njema kabisa, atatafuta "dawa ya kuongeza kinga", na dawa za jina hilo huuzwa kila gulio.

Kwamba shauri hilo la pili si la kupuuzwa laonekana katika jaribio lililotangazwa mwaka 1987. Watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Hillel Panitch, waliwapa wagonjwa 18 wa sklerosisi intaferoni gama, ambayo ni kemikali ya mwili inayozichochea seli za kinga. Wagonjwa 7 kati yao walishikwa na ugonjwa upya wakati wa matibabu, na dawa hiyo ikaachwa. Kuongeza kinga kuliongeza maradhi. Matibabu yanayofaa hufanya kinyume chake: huzizuia seli, huzipunguza, au huzituliza. Istilahi inayomfanya mgonjwa aelekee upande ulio kinyume na dawa yake haiwezi kuitwa istilahi sahihi, hata kama kila kamusi inaikubali.

4. "Kingamwili": neno moja, kazi tatu

Wako watakaosema kwamba jawabu tunalo tayari, kwa kuwa magonjwa ya namna hii sasa huitwa "magonjwa ya kingamwili". Neno hili ndilo linalohitaji uhakiki mkali kuliko mengine.

Katika maandishi ya leo kingamwili hutumika kwa maana tatu. Kwanza, ni protini zinazoogelea katika damu na kumnasa adui. Ndiyo maana iliyoenea katika habari za ugonjwa wa korona mwaka 2020 na 2021, waandishi walipoeleza kwamba aliyepona au kuchanjwa ana kingamwili. Pili, hutumika kumaanisha mfumo mzima wa kinga. Tatu, katika tungo "ugonjwa wa kingamwili", hutumika kumaanisha ugonjwa ambao kinga imeushambulia mwili.

Kanuni ya istilahi ni neno moja kwa dhana moja katika fani moja. Kanuni hii yaweza kuonekana kuwa ya wanaisimu tu, lakini hapa kuivunja kunaleta uongo. Kama kingamwili ni zile protini, basi kusema kwamba sklerosisi ni ugonjwa wa kingamwili ni kudai kwamba protini hizo ndizo mkosaji mkuu. Jaribio la panya la mwaka 1981 lilionyesha vingine. Ni kweli kwamba seli B, ambazo ndizo mama wa kingamwili, zina sehemu yake pia, na dawa ya okrelizumabu inayoziondoa iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Lakini dawa hiyo haziui seli kongwe zinazotoa kingamwili, nayo humfaa mgonjwa hata hivyo. Ni dalili kwamba seli B hudhuru zaidi kwa kushirikiana na seli T kuliko kwa protini zao.

Yako magonjwa mengine ambayo hakika ni ya kingamwili. Ugonjwa wa kulegea misuli uitwao miasthenia husababishwa na protini hizo, na ushahidi wake ni huu: mama mwenye ugonjwa huo aweza kuzaa mtoto aliyelegea kwa muda wa wiki chache, kwa sababu kingamwili za mama zimempitia katika kondo la nyuma. Katika sklerosisi hali hiyo haitokei.

Mama wa Mbwawa amekwisha kufundishwa kliniki kwamba maziwa ya mama yana kingamwili zinazomlinda mtoto. Akiambiwa kwamba ana "ugonjwa wa kingamwili", swali lake litakuwa la haki kabisa: je, nimwachishe mtoto ziwa? Ukweli ni kwamba ugonjwa huu wenyewe haumzuii mama kunyonyesha. Linaloangaliwa ni dawa anazotumia. Lakini swali hilo halikuzaliwa na ujinga wake. Limezaliwa na sisi tulioipa kingamwili kazi tatu.

5. Askari, maasi na sungusungu

Walimu wa afya, na vitabu vya shule pia, huzieleza chembe za kinga kwa tashibihi ya askari. Tashibihi hiyo ilifaa katika UKIMWI: adui ameingia, amewaua askari, mji umebaki wazi. Katika ugonjwa wetu, mwenye kuifuata hulazimika kusema kwamba askari wameasi. Maasi ni neno lenye historia hapa nchini tangu Januari 1964, na kila mtu anajua kwamba mwasi anamjua anayemwasi. Anakusudia.

Seli T haikusudii. Imefunzwa kumshika mwenye alama fulani, na imemwona mwenye alama inayofanana. Afadhali tashibihi ya sungusungu, vile vikundi vya ulinzi wa vijiji vilivyoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mlinzi wa usiku akimkuta mtu mlangoni aweza kumpiga mwenye nyumba akidhani ni mwizi. Ni mwaminifu, ni shupavu, na ni kwa uaminifu huo huo ameleta msiba. Dawa si kumwongezea rungu, wala si kuivunja sungusungu yote.

Hili la kutoivunja yote lina ushahidi wake. Dawa ya natalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, huzizuia seli za kinga kuvuka na kuingia ubongoni. Iliwafaa wagonjwa wengi. Lakini baadhi yao walishambuliwa na kirusi ambacho kwa kawaida hulala mwilini bila madhara, kikaharibu ubongo wao. Dawa iliondolewa sokoni mwaka 2005, ikarudishwa mwaka 2006 kwa masharti. Zile seli zilizozuiwa mlangoni ndizo zilizokuwa zikilinda doria. Mlinzi na mkosaji ni mtu yule yule.

Mwili una njia yake wenyewe ya kuzuia makosa. Ziko seli T za aina ya pekee ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Kwa kuzigundua na kuzieleza, Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Tuziiteje? "Seli T zuizi" yafanya zionekane kama kikwazo. "Seli T dhibiti" ina harufu ya polisi. Sisi tunapendelea seli T tulizi, kwa kuwa kitenzi kutuliza husema lile hasa zinalofanya, na mwananchi hutuliza ghasia, hutuliza mtoto, hutuliza maumivu. Kwa mfuatano huo tutapata seli T saidizi kwa zile zenye alama ya CD4, na seli T uaji kwa zile zenye CD8, ambazo katika makovu ya ubongo aghalabu huwa nyingi kuliko saidizi. Mtindo huo wa kuunganisha si mgeni: watu wa Kibaha, ambako kimejengwa kiwanda cha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi vya mbu, hulitamka neno viuadudu bila kusita.

Herufi T nayo ibaki. Wako wapendao kutafsiri kila herufi, lakini hapa bahati imetusaidia: T ni ya thaimasi, na thaimasi ni tezi. Mwalimu aweza kumwambia mwanafunzi kwamba T ni ya tezi, na asiwe amesema uongo.

6. Jina la ugonjwa: nyingi, mabaka au makovu?

Jina la kimataifa limejengwa kwa neno la Kigiriki lenye maana ya ugumu na neno la Kilatini lenye maana ya wingi. Waliosoma kwa Kiingereza huelekea kusema "sklerosisi nyingi". Waliosoma kwa Kifaransa, kama madaktari wenzetu wa Bukavu na Goma, wana jina linalotaja mabaka badala ya wingi. Tusipoangalia, Kiswahili kimoja kitakuwa na majina mawili, kila moja likifuata mkoloni wake.

"Sklerosisi nyingi" haifai. Msikilizaji huuliza: nyingi ngapi? Husikia kwamba ana magonjwa mengi, kumbe ni ugonjwa mmoja wenye madonda mengi. "Mabaka" inakaribia ukweli zaidi, lakini ina hatari ya pekee katika nchi yetu. Watumishi wa afya wamefundisha kwa muda mrefu, na kwa haki, kwamba baka lisilo na hisia ni dalili ya ukoma. Mgonjwa mwenye ganzi akiambiwa kwamba ana mabaka, atajikagua ngozi kabla hajafika nyumbani.

Tunapendekeza makovu. Kovu ni alama ngumu inayobaki palipojeruhiwa, na ugumu ndiyo maana ya asili ya jina la kitaalamu. Ni kweli kwamba kovu humaanisha jeraha lililokwisha kupona, hali huku majeraha mapya huendelea kutokea. Hata hivyo upungufu huo ni mdogo kuliko wa majina mengine, na daktari aweza kuurekebisha kwa sentensi moja. Jina kamili basi liwe ugonjwa wa makovu ya ubongo na uti wa mgongo. Ni refu, nalo halina budi kuwa refu, kwa maana linataja mahali. Jina la ugonjwa likitaja mahali palipoumia, halimtupi mgonjwa katika dhana ya kinga kabla hajaelezwa.

Maneno mawili mengine yaangaliwe. "Mishipa ya fahamu" ni tungo nzuri, lakini mshipa peke yake ni wa damu, ni wa ngiri, ni wa shingo iliyokaza. Afadhali neva, ambalo limekwisha kuzoeleka shuleni. Na neno "uvimbe" lisitumike kwa ile hali ya moto na uchungu inayoletwa na seli za kinga, kwa kuwa "uvimbe katika ubongo" husikika kuwa saratani. Neno mchochota, ambalo baadhi ya watabibu hulitumia, lingefaa kusanifishwa kwa maana hiyo.

7. Mapendekezo na hitimisho

Limebaki tatizo gumu kuliko yote: jina la kundi zima la magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili, yakiwamo kisukari cha aina ya kwanza, lupusi na baridi yabisi. Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "kinga ya nafsi" au "kinga binafsi". Tafsiri hiyo ingekuwa kinyume kabisa cha maana inayotakiwa, kwa sababu mwenye kinga binafsi kwa Kiswahili ni mtu aliyejikinga vizuri. "Kinga haini" ina kosa lile lile la maasi.

Tunapendekeza magonjwa ya kinga potofu. Sifa ya -potofu husema kwamba kitu kimekwenda njia isiyo yake. Haisemi kimepungua, haisemi kimezidi, wala haisemi kimekusudia. Twasema mawazo potofu na njia potofu, na kila msikilizaji hutambua kwamba lililo potofu hurekebishwa, haliongezwi. Mtu aliyeambiwa kwamba kinga yake imepotoka hana sababu ya kununua dawa ya kuiongeza. Na jirani yake, ambaye amezoea kusikia upungufu, atasikia neno jingine.

Kwa hiyo, kinga ibaki kuwa jina la hali ya kukingika. Mfumo wa kinga liwe jina la viungo na chembe zote zinazoifanya kazi hiyo. Kingamwili lirudishwe katika maana moja tu, ya zile protini za damu. Na kinga potofu lichukue mzigo ambao kingamwili limebebeshwa bila haki.

Tunaliomba Baraza lifanye jambo moja zaidi. Kabla ya kuzipitisha istilahi za tiba, zisomwe kwa sauti mbele ya watu wasio wataalamu, Mbwawa na kwingineko, kisha waulizwe si kama wamezipenda, bali wamefahamu nini na wangefanya nini baada ya kuzisikia. Jibu la swali hilo la pili ndilo linalomwambia daktari kama mgonjwa wake atarudi kuchukua dawa, au atakwenda gulioni.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwa mara ya kwanza dawa za ugonjwa huu katika orodha yake ya dawa muhimu. Zitakapofika katika hospitali zetu, zitahitaji kuelezwa kwa Kiswahili. Heri maneno yatangulie kufika.